Hakuitwa Bwana Mpole

Bremen, Ujerumani
3 Machi 1948

Yaya wangu Yunisi,

Sijui kama barua hii itakufikia. Juu ya bahasha nimeandika "Yunisi Halinga, Ihanda, Mbozi, kwa njia ya misheni", nikamwachia Mungu na posta. Ni mimi Lotte, mtoto wa Bwana Reinfeld wa shamba la kahawa, yule uliyembeba mgongoni mpaka akawa mkubwa wa kuona aibu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipoondoka, sasa nina ishirini na mmoja. Kiswahili changu kimeota kutu. Hapa sina wa kusema naye, basi nasema peke yangu nikiosha vyombo, ili kisife.

Mama mzazi unajua alikufa kabla sijaanza kutambaa. Nyumba yetu ilianguka kwa bomu. Nimebaki na Baba tu, na Baba yuko gerezani. Wakati wa vita alikuwa mkubwa serikalini. Walimpeleka nchi moja ya mashariki iliyotekwa, akawekwa kutawala wilaya nzima, kama Bwana Shauri wa kwenu ila mwenye nguvu zaidi. Sasa walioshinda vita wamemshtaki. Yaya, wanaweza kumnyonga.

Wakili anasema mahakama inapokea barua za watu waliomjua mshtakiwa zamani. Kila mkubwa aliyeshtakiwa anazo, za padre, za majirani, za daktari wa meno. Baba amekumbuka kwamba Mbozi watu walimpa jina, wakimwita Bwana Pole. Wakili alifurahi mno. Amesema jina ambalo watu wa shamba wametoa wenyewe, bila kulazimishwa, lina uzito kuliko barua kumi za majirani.

Nakuomba, andika kwamba aliitwa Bwana Pole na useme kwa nini. Kisha upeleke Boma, wapige muhuri. Kesi itasikilizwa Novemba.

Msalimie Lwitiko mumeo, kama alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lupa. Bado namkasirikia kidogo kwa kutoroka bila kuniaga.

Ni mimi mtoto wako,
Lotte

*

Ihanda, Mbozi
30 Mei 1948

Mwanangu Loti,

Barua imefika. Imefika imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali, kwa hiyo Ihanda nzima ilijua habari zako kabla yangu, na watu wa kijiji cha Hasamba walikuja kuniuliza unaolewa lini. Nimecheka, halafu nimelia, halafu nimecheka tena nilipofika pale unapoosha vyombo. Wewe! Uliyekuwa ukivua viatu na kungoja mtu aje kuviokota! Dunia imekufunza, na mimi nashukuru kwamba haikukuua.

Mimi ni mzima. Binti yangu Priska ana miaka kumi na mmoja, anasoma misheni na ana mdomo mrefu kuliko wangu. Nina miche mia mbili ya kahawa, yangu mwenyewe, siyo ya kuchumia mtu. Asubuhi naitazama tu, hata nikiwa sina kazi nayo.

Sasa hili la ushahidi. Umeniita shahidi, lakini hujaniambia shauri. Kwetu hata kesi ya mbuzi kula mahindi, shahidi huambiwa kwanza ni mbuzi gani na mahindi ya nani. Umeandika kwamba baba yako alikuwa mkubwa serikalini. Ukubwa si kosa, na hakuna anayenyongwa kwa kuwa mkubwa. Alifanya nini? Au, kama hupendi nisemavyo, wao wanasema alifanya nini? Kuuliza si ujinga.

Jina hilo ni kweli aliitwa. Nililisikia kila siku ya Mungu.

Lwitiko hakurudi kutoka Lupa. Tuyaache hayo leo.

Kula vizuri. Hapa nilipo naona umekonda.

Yunisi

*

Bremen
19 Julai 1948

Yaya mpendwa,

Nimelala na barua yako chini ya mto. Lakini nitasema ukweli, imeniumiza pia. Nilidhani ukisikia ni Baba utaandika siku ileile. Uliishi nyumbani mwetu miaka mingi. Je, kuna siku ulimsikia akimtukana mtu, au hata akipaza sauti?

Wanasema hivi. Katika wilaya yake kulikuwa na vijiji vinne ambavyo jeshi lilitaka viwe wazi. Baba alitia sahihi amri ya kuwahamisha watu, ukawa wakati wa theluji. Walitembea siku tatu. Wazee na watoto wengi walikufa njiani. Baba hakumgusa mtu, Yaya. Alitia sahihi karatasi iliyotoka kwa wakubwa zaidi yake. Angefanya nini? Sheria ni sheria.

Sikiliza jambo hili, utalipenda. Shahidi wao mwenyewe, mama mzee wa kijiji kimoja, ameandikisha katika maelezo yake ya kesi kwamba siku ile Baba alisimama kando ya barabara peke yake. Watu walipopita alivua kofia, katika baridi ile, akawaambia neno la huruma kwa lugha yao, kila familia ilipopita. Alikuwa amejifunza neno hilo makusudi. Wakili aliposikia alipiga meza kwa furaha. Anasema sasa kila kitu kinaungana: kule Afrika aliitwa Bwana Pole, na kule mashariki alivua kofia. Ni mtu yuleyule, mtu mwenye moyo. Je, kuna ushahidi mzuri kuliko huo?

Wakili ameandikia misheni yenu ili wakusaidie. Usipotaka, niambie tu kwamba hutaki. Nitajua kwamba sina mtu tena.

Lotte

*

Misheni
22 Agosti 1948

Kwa dada katika Bwana, Yunisi Halinga,

Salamu katika jina la Yesu. Tumepokea barua ya wakili wa Bwana Reinfeld pamoja na tafsiri yake. Ili kukupunguzia taabu, nimekuandikia mimi mwenyewe ushahidi wako, kwa mwandiko safi. Unasema hivi:

"Mimi Yunisi, mtumishi wa nyumbani, nathibitisha kwamba wenyeji wote walimwita Bwana Reinfeld kwa jina la Bwana Mpole, kwa sababu ya upole wake. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti."

Njoo Jumapili baada ya ibada uweke dole gumba. Nakukumbusha kwa upendo kwamba mabenchi ya kanisa unayokalia ni mbao alizotoa Bwana huyo. Tena baraza la wazee litakaa mwezi ujao kuchagua wasichana wa kulala bweni, na jina la Priska limo. Ingefaa libaki.

Yaliyopita si ndwele. Mkristo husamehe.

Ndimi Isaka,
Mzee wa Kanisa

*

Ihanda
24 Agosti 1948

Mzee Isaka,

Dole gumba ni la asiyejua kuandika. Mimi nilijifunza kuandika darasa la ubatizo, na mwalimu wangu ulikuwa wewe, ukinichapa vidole kwa rula nikikosea herufi. Basi leo nakusahihisha mimi.

Umeongeza herufi. Hakuitwa Bwana Mpole, aliitwa Bwana Pole. Hukusikia vibaya, maana ulikuwapo. Ni wewe uliyesoma sala tulipomzika Lwitiko, ukaisoma mbiombio kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Basi M hiyo irudishe ulikoitoa.

Kwamba hakuwahi kumpandishia mtu sauti, hilo ni kweli. Waliopandisha sauti tulikuwa sisi.

Kuhusu mabenchi: mbao zilikuwa zake, waliozipasua na kuzibeba ni waume zetu. Nitaendelea kukalia. Kuhusu Priska: chukua wino ulifute jina lake, kama mkono wako hautetemeki. Mtoto wa Lwitiko hatalala bweni kwa sahihi ya uongo inayofunika kifo cha baba yake.

Kusamehe najua. Lakini hakuna aliyekuja kuniomba, na sitagawa msamaha barabarani kama karanga.

Ushahidi nitauandika mwenyewe.

Yunisi, mjane wa Lwitiko

*

Ihanda
12 Septemba 1948

Mwanangu Loti,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama na barua mkononi, tafuta kiti.

Ulipoandika habari ya kofia niliweka karatasi chini, nikatoka nje nikashika jembe, nikalima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hata ungenificha jina la mtu yule, ningemjua kwa kofia.

Nitakueleza Bwana Pole ni nini. Shamba la baba yako lilikuwa na utaratibu. Mtu akichelewa, akivunja chombo, akiacha mti bila kupogoa, hakutukanwa. Aliitwa Jumamosi saa tisa nyuma ya stoo, wewe ukiwa umelala mchana, akapigwa viboko ishirini na vitano. Sheria ya Waingereza ilikataza, lakini Waingereza walikuwa Mbeya na stoo ilikuwa kwetu. Baba yako hakupiga, alisimama na saa yake mkononi. Vikiisha alikwenda kwa yule mtu, akavua kofia, akamwambia taratibu: "Pole. Pole sana." Kisha akaenda kunywa chai. Chai hiyo nilimmiminia mimi.

Wakili wako anadhani pole ni kuomba radhi. Wewe je, umesahau? Ulipojikwaa nilikwambia pole, na jiwe sikuliweka mimi. Mtu akifiwa majirani humwambia pole, na si wao walioua. Pole husemwa na asiyehusika. Mwenye kosa ana neno lake: nisamehe. Miaka yote ile, kwa mtu yeyote, neno hilo halikumtoka baba yako. Alikuwa akiamuru watu wapigwe, halafu anawapa pole kama mpita njia. Tukampa jina hilo ili tucheke, maana tusingecheka tungelia.

Sasa Lwitiko. Hakwenda Lupa.

Ilikuwa Novemba 1936, Jumapili. Baba yako alikuwa amekwenda Mbeya. Lwitiko alikuwa mtu wa vichanja, unakumbuka, zile meza ndefu za kuanikia kahawa. Kazi yake ilikuwa kuigeuza na kuifunika mikeka mvua ikija. Wewe ulikuwa na homa, ukaanza kurusha mikono na macho yakageuka. Mimi nilikuwa na mimba ya Priska, nisingeweza kukukimbiza. Nikamwambia Lwitiko, "Mchukue mtoto mpeleke misheni, kahawa nitaifunika mimi." Akakutia mabegani akakimbia nawe njia yote. Mvua ikaja. Vichanja vilikuwa kumi na viwili. Nilifunika vinne.

Baba yako aliporudi Jumatatu alikwenda kwanza misheni, akakuona mzima. Akaja akampa Lwitiko mkono. Akamshukuru mbele ya watu wote, akampa na kopo la sukari. Loti, alikuwa na machozi, nilimwona kwa macho yangu. Halafu akatazama vichanja. Jumamosi saa tisa Lwitiko akaitwa nyuma ya stoo.

Nilikwenda kwa Bwana nikapiga magoti na tumbo langu. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeahidi kufunika. Akaniinua kwa mkono, taratibu. Akasema, "Yunisi, wewe huna kazi ya kahawa. Kazi ya kahawa ni ya Lwitiko." Ndipo nikafahamu kwamba mtu yule hana mlango wa kubishia hodi.

Mgongo ulioza. Siku ya kumi na tisa akafa. Wewe ulikuwa bado misheni unanenepeshwa kwa maziwa. Uliporudi ukaambiwa ametoroka kwenda Lupa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na bakuli la uji, nikanyamaza. Niliogopa. Nyumba niliyolala ilikuwa ya shamba, mtoto tumboni, na wewe ulikuwa ukinishika sketi usiku na mchana. Aibu hiyo ni yangu, sikupi.

Huna kosa. Uliugua, basi. Mtoto haombi ruhusa ya kuugua. Nakupenda wewe na namchukia yeye, na hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka kumi na miwili bila kugombana.

Ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine. Ni ushahidi wangu. Nimeandika kwamba aliitwa Bwana Pole na nimesema kwa nini, kama ulivyoniomba. Nilipanda lori la mahindi pale Vwawa mpaka Mbeya, nikakaa Boma siku mbili kabla ya kuitwa. Karani aliisoma, akaitafsiri kwa Bwana Shauri, kisha akapiga muhuri mara mbili, mmoja juu na mmoja chini.

Wakili sikumtumia, mahakama sikuitumia. Nimekutumia wewe. Ukiuchoma sitajua, na ukiusoma sitajua. Ila usiniombe mwingine.

Yunisi

*

Bremen
6 Desemba 1948

Yaya,

Wiki ya kwanza nilikuchukia. Nilisema wewe ni mwongo, tena nilisema kwa sauti, jikoni, kwa Kiswahili. Kisha nilikwenda gerezani. Waya ulikuwa kati yetu. Sikumwonyesha barua. Nilimwuliza tu, "Baba, Lwitiko alikwenda Lupa kweli?"

Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Kahawa ya vichanja vinane iliharibika."

Sikumwambia idadi. Hata mwezi niliokuwa naulizia sikumwambia.

Wakili nilimwonyesha karatasi yako, nikamtafsiria. Aliniambia niichome na niseme haikufika. Lakini alikuwa amekwisha kuwaambia mahakimu kwamba barua itakuja kutoka Afrika, yenye jina ambalo watu wenyewe walimpa. Siku ya kesi mwendesha mashtaka akauliza, barua hiyo iko wapi? Wakili akasimama, akasema posta za makoloni ni mbaya, haikufika.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Yaya, sikuwa shujaa. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema imefika, iko ndani ya mkoba wangu.

Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua Kiswahili, isipokuwa mshtakiwa. Wakaniapisha nitafsiri. Nilipofika kwenye neno pole hakimu alinikatiza, akauliza maana yake kwa Kijerumani. Wakili alikuwa akinitazama. Nilijua maneno mawili matatu ambayo yangefaa, yote mazuri, yote ya huruma. Nikasema hatuna neno hilo. Nikawaambia mtu huniambia pole nikiumia, iwapo aliyeniumiza si yeye. Yule mama mzee wa vijiji vinne alikuwa bado yumo chumbani na mkalimani wake. Alipotafsiriwa akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akamnyooshea Baba kidole.

Wamempa miaka ishirini. Wenzake wenye mafungu ya barua za majirani wamekwenda nyumbani.

Walipokuwa wakimtoa alipita karibu yangu, akasimama. Akaniambia kwa Kiswahili, "Umetafsiri vizuri." Kwa sauti ileile ya kusifu daftari langu la hesabu.

Siwezi kula. Nakuomba, Yaya, kwa niaba yake: nisamehe. Naomba kwa ajili ya Lwitiko, na kwa ajili ya Priska ambaye hakumwona baba yake. Nisamehe mimi na msamehe yeye, ili nipate kulala.

Lotte

*

Ihanda
20 Februari 1949

Mwanangu Loti,

Nimeisoma barua yako mbele ya Priska, yote, bila kuruka mstari. Alikuwa hajui baba yake alikufaje. Sasa anajua, na anajua pia ni nani aliyebebwa mabegani siku ile. Amesema anataka kukuona. Amesema pia lazima utakuwa mzito sana. Huyo ndiye Priska.

Jina lake wamelifuta bwenini. Anatembea kila asubuhi mpaka shule ya Vwawa, na viatu anavibeba mkononi ili visiishe. Mimi wamenizuia Meza ya Bwana kwa miezi sita, kwa kosa la kiburi. Kila Jumapili naketi benchi la mbele kabisa, Isaka akihubiri namtazama, na yeye anahubiri akitazama dirisha. Wanawake wawili walihama kutoka karibu yangu. Watano wamehamia. Waume zao waliitwa nyuma ya stoo.

Ulisema hukuwa shujaa. Acha maneno. Nilikulea, namjua mtoto wangu anapotetemeka, na najua inamgharimu nini kusimama. Ulipoteza baba siku ile kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nisingeweza, ningekuwa wewe. Nimelia kwa ajili yako siku nzima, wala sikujificha. Njia ikipatikana uje. Kuna kitanda, kuna uji, na kuna kahawa ambayo hakuna aliyepigwa kwa ajili yake.

Lakini msamaha ulioniomba sikupi. Tena usinikasirikie, sikiliza. Wewe hujanikosea, nikusamehe nini? Nikisema "nimekusamehe" nitakuwa nimekutwika mzigo usio wako, nawe utaubeba mpaka uzeeni ukiamini ni wako. Utue. Ule, ulale.

Na la yeye hukutumwa kuliomba. Hakukutuma, namjua. Miaka ishirini ni mingi, na karatasi naamini wanampa. Mwambie aandike mwenyewe. Kiswahili anakijua.

Mama yako,
Yunisi